Turudishe dona mezani

Ukipita Manzese au Tandale asubuhi, utazisikia mashine za kukoboa na kusaga kabla hujaziona. Simama kidogo utazame. Mahindi yanamiminwa juu. Upande mmoja zinatoka punje nyeupe zilizochubuliwa, upande mwingine zinatoka pumba, yaani maganda pamoja na viini, za manjano hafifu na zenye harufu tamu. Punje zinakwenda kusagwa ziwe sembe; zingesagwa nzima bila kukobolewa, tungepata dona. Pumba zinajazwa kwenye viroba, zinapakiwa kwenye guta, zinapelekwa kwa wafugaji wa kuku.

Jambo hili linaniuma kuliko soda tunazozilaumu kila siku. Sehemu kubwa ya mafuta ya hindi na vitamini E, pamoja na sehemu ya vitamini za kundi B, viko kwenye kile kiini. Nyuzinyuzi ziko kwenye ganda. Tunalipa pesa ili vitolewe, uzito wa gunia unapungua, kisha tunahangaika kutafuta virutubisho vya kopo kwenye maduka ya dawa.

Kila tunapozungumzia kula vizuri hapa Dar, mjadala unaishia kwenye soda, soseji na chipsi za usiku. Hoja hiyo ni ya kweli. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari inayozidi gramu 30, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asivuke takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Lakini soda mtu anaweza kupitisha wiki bila kuigusa. Ugali upo mezani leo, kesho na keshokutwa. Ndiyo maana nasema familia inayotaka kuhama kutoka vyakula vya kiwandani ianze na unga wake, mengine yatafuata.

Kinachotukwamisha zaidi ni hadhi. Weupe wa ugali umekuwa alama ya kujiweza, na dona tumeiachia shule za bweni na magereza. Mgeni akibisha hodi, mama mwenye nyumba anatuma mtoto dukani akalete sembe hata kama ndani kuna debe la dona. Hapo bei haihusiki kabisa: ukipeleka mahindi yako mashineni, dona inakuja kwa gharama ndogo zaidi, maana hulipii kukoboa wala hupotezi pumba.

Wapo watakaoniambia habari ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka, na wana haki. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na ni kweli kwamba kukoboa huipunguza, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Kwangu hiyo ni sababu ya kuwa mkali kwenye ununuzi. Usinunue mahindi bila kuyashika. Yamwage kwenye ungo, toa yaliyooza, yaliyovunjika na yenye ukungu, yaanike vizuri kabla ya kusaga. Kupika hakuondoi sumukuvu, kwa hiyo kazi yote iko hapo kwenye ungo. Na anayenunua unga wa mfuko atafute uliothibitishwa ubora.

Wengine watasema sembe siku hizi inarutubishwa. Kanuni za kuongeza madini na vitamini kwenye unga wa ngano na wa mahindi zipo tangu 2011, na naziunga mkono kwa moyo wote. Ila mahindi mengi tunayokula yanasagwa kwenye mashine ndogo za mtaani, na hata unga uliorutubishwa haurudishiwi nyuzinyuzi zake.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2019, ulioongozwa na Kevin Hall, ambao naupenda kwa jinsi ulivyo wazi. Watu 20 walipewa vyakula vilivyochakatwa sana kwa wiki mbili, na vyakula visivyochakatwa kwa wiki mbili nyingine. Milo ililinganishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula mpaka alipotosheka. Kwenye vile vilivyochakatwa sana walikula wastani wa kalori 500 zaidi kwa siku. Nikiona mkoba wa mtoto wa shule una juisi ya boksi na biskuti, nauwaza utafiti huo. Kiazi kitamu cha kuchemsha, ndizi mbivu ya Mabibo na karanga za kukaanga vinaenea kwenye mkoba uleule.

Kwa anayetaka kuanza: changanya nusu dona, nusu sembe, watoto wazoee. Songa kwa muda mrefu kidogo, dona inataka maji zaidi na moto wa taratibu. Saga kidogo kidogo, kwa sababu yale mafuta ya kiini huufanya unga uchache mapema, hasa kwa joto letu la Januari. Pembeni weka matembele au mchicha, na dagaa wa nazi.

Na mchana ukiwa kazini, Posta au Kariakoo, muulize mama lishe kama ana ugali wa dona. Akisema hana, muulize tena kesho. Anapika kinachoulizwa, na kwa sasa hakuna anayemuuliza.