Dawa ya Moto ni Moto? Homeopathia Mbele ya Mbangua Korosho

Shangazi yangu amebangua korosho hapa Mtwara tangu sijaanza shule. Vidole vyake vina mabaka meusi yasiyotoka kwa sabuni, kazi ya utomvu wa ganda. Ukikurukia, unababua ngozi kama mafuta ya moto, ndiyo maana hupaka majivu mikononi kabla ya kukaa kitako. Juzi nikamwambia wapo matabibu wanaotumia korosho hiyohiyo kutibu malengelenge. "Wanapaka vipi?" akauliza. Hawapaki, shangazi. Wanaizimua kwa maji na spiriti mpaka isibaki kitu, kisha wanaidondoshea kwenye vidonge vya sukari.

Hiyo ndiyo homeopathia. Mwasisi wake, daktari Mjerumani Samuel Hahnemann, alikuwa akitafsiri kitabu cha tiba mwaka 1790. Hakuridhika na maelezo ya namna gome la mti wa kwinini linavyotibu homa, akalitumia mwenyewe akiwa mzima. Akapata dalili alizoona ni zilezile za malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho humponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Sisi tuliokua na "dawa ya moto ni moto" wazo hilo halitushtui, ingawa methali yenyewe ni ya ugomvi zaidi kuliko homa.

Kinachoshtua ni kanuni ya pili: dawa ikizimuliwa zaidi, nguvu inaongezeka. Tone moja linatiwa kwenye matone 99 ya maji, linatikiswa kwa nguvu. Tone moja la mchanganyiko huo linatiwa kwenye mengine 99. Kipimo kinachoandikwa 30C kimerudiwa hivyo mara 30. Sasa piga hesabu. Ukidondosha tone moja ufukweni Mikindani, likaenea sawasawa Bahari ya Hindi yote, utakuwa umepita kidogo hatua ya 12. Bado kumi na nane. Wenyewe wanalijua hilo, na baadhi yao husema maji yanakumbuka. Kama ni hivyo, sijui kwa nini yakumbuke korosho na yasahau bomba yalikopita.

Hata hivyo, kumcheka Hahnemann ni kumwonea. Zama zake madaktari waliwatoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Kipindupindu kilipoikumba London mwaka 1854, hospitali ya homeopathia ilipoteza wagonjwa wachache kuliko nyingine. Vidonge havikuua vijidudu, ila angalau havikummaliza mtu ambaye tayari ameishiwa maji. Tena tabibu wa homeopathia hukaa na mgonjwa muda mrefu, anamuuliza usingizi wake, hofu zake, chakula kinachomkataa. Aliyepanga foleni tangu alfajiri akaonwa dakika tatu anajua thamani ya hilo. Maumivu yanayokuja na kuondoka hupungua kweli mtu akisikilizwa, na sifa zinakwenda kwa kidonge.

Utetezi ninaousikia sana hapa kwetu ni huu: "Kwani mwarobaini si dawa?" Hapo ndipo watu wanapochanganya. Hata sheria yetu, Na. 23 ya mwaka 2002, imeweka tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja, kwa hiyo si ajabu mwananchi kuziona kitu kimoja. Mwarobaini ni mchungu kwa sababu kuna kitu ndani yake. Kitu hicho kinaweza kupimwa, kikafaa au kikadhuru. Dawa ya mseto tunayopewa kwa malaria imetokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mti wa shamba unaweza kufika maabara na kurudi na jibu. Homeopathia nayo imefika, lakini mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti zake, lisione ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba inautibu. Ufaransa iliacha kurejesha gharama zake mwaka 2021.

Kwa mafua au uchovu, mtu mzima na atumie fedha yake anavyotaka. Malaria ni habari nyingine, na kinaya ni kwamba nadharia yote ilianzia kwenye dawa yake. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya homeopathia isitumike kutibu malaria, kifua kikuu, UKIMWI wala kuhara kwa watoto wachanga. Huku kwetu mtoto akichemka usiku, asubuhi ni kipimo cha damu. Siku mbili za kusubiri sukari ifanye kazi zinatosha degedege kuingia.

Nilimweleza shangazi yote hayo, na hesabu ya bahari juu. Hakuacha kubangua.

"Kwa hiyo ningenunua maji?"

"Sukari, shangazi."

"Afadhali," akasema. "Basi lete, tutie kwenye chai."