Geuza Picha Uone Nyuma

Sanduku lilikuwa la viatu, na picha zimepangwa wima ndani yake kama faili za masjala. Muuzaji, mzee aliyevaa glavu zilizokatwa vidole, alikuwa akiziuza paundi moja moja kwenye gulio la vitu vikuukuu huko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Nilichomoa moja. Injini ya mvuke iliyochoka, imejaa masizi, inavuta mabehewa machache. Stesheni yenyewe ni ndogo, ya shamba. Lakini jukwaani watu wamefurika: wanaume wa makoti marefu, kamera shingoni, wengine wamepanda juu ya mabenchi. Nikajiuliza, kuna nini hapa? Malkia anapita?

Nikaigeuza. Nyuma, kwa penseli iliyoanza kufifia, paliandikwa Evercreech Junction, 5.3.66, na kwamba ndiyo siku ya mwisho. Kumbe ule umati ulikuwa wa matanga. Reli ya Somerset na Dorset ilifungwa rasmi Jumatatu ya tarehe 7 Machi 1966, na wapenzi wake walikuja Jumamosi kuiaga. Chini ya penseli kulikuwa na muhuri wa mpira: jina la mpiga picha, na onyo kwamba picha isinakiliwe bila idhini yake.

Wiki chache baadaye nikaiona picha ileile kwenye simu. Umati umekatwa, imebaki injini. Imetiwa rangi, na injini imekuwa kijani inayong'aa kana kwamba imetoka karakana jana. Maelezo yanasema: Uingereza, miaka ya 1950. Niliitambua kwa namba ya injini, na kwa mkono mmoja wa koti ulioponea mkasi pale pembeni.

Wapenzi wa reli wa Uingereza wamekuwa wakivutana muda mrefu juu ya picha za namna hii. Wako wanaosema zisambazwe bure, kila mtu azione, kabla hazijapotea. Wako wanaosema picha ina mwenyewe, na asiyeomba ni mwizi tu hata akijiita mhifadhi. Nimewasikiliza wote, na sanduku langu la viatu linaniambia kwamba wanagombania upande mmoja tu wa karatasi.

Nianze na wanaotaka zisambazwe, maana hoja yao ina haraka. Machi 1963 ilitoka ripoti ya Dakta Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, iliyopendekeza kufunga stesheni 2,363. Si zote zilizofungwa, lakini nyingi zilikwenda, na kabla muongo haujaisha treni za mvuke nazo zikaondolewa. Safari ya kuagana nazo ilikuwa tarehe 11 Agosti 1968. Ina maana ulimwengu mzima wa majengo, mashine na kazi ulitoweka ndani ya miaka michache, mbele ya macho ya vijana waliokuwa na kamera za bei nafuu na vitabu vidogo vya kutia alama namba za injini walizoziona. Kijana wa miaka 15 mwaka 1963 leo anakaribia 80. Akifa, watoto wake wanakuta darini masanduku 40 ya injini zinazofanana. Mara nyingi yanaishia kwenye pipa kubwa la takataka nje ya nyumba.

Na filamu zenyewe hazisubiri. Negativu nyingi za zamani, yaani zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, na asetati ikiharibika hutoa harufu ya siki. Ukifungua bati la negativu na pua ikakwambia kachumbari, jua uozo umeshaanza, na unaweza kuambukia zile za jirani. Kwa picha ya namna hiyo, kuiskani na kuigawa kwa watu ndiyo njia ya kuivusha.

Faida yake inashikika. Stesheni ya Broadway, katikati ya Uingereza, ilifungwa mwaka 1960 na kubomolewa 1963. Watu wa kujitolea wakaijenga upya karibu kutoka chini, na mwaka 2018 treni za mvuke zikaanza tena kuingia. Katika kazi kama hiyo picha za zamani ni sawa na ramani: paa limekaa vipi, dohani ziko ngapi, ubao wa jina umesimama wapi. Picha iliyofungiwa kabatini kwa kuogopa wezi haiwezi kumsaidia fundi matofali.

Hata sisi wa Afrika Mashariki tuna chetu humo. Kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi kuna injini kubwa inayoitwa Mount Gelai, jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania. Ni mojawapo ya injini 34 za aina hiyo zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Gorton, Manchester, katikati ya miaka ya 1950, kwa ajili ya reli yetu yenye upana wa mita moja. Kiwanda kilifungwa 1966, na hazina yake ya michoro na picha iko Manchester. Mjukuu wa dereva aliyeendesha dude lile kutoka Mombasa, akitaka kuona lilivyozaliwa, jawabu lake liko kwenye makabati ya ng'ambo. Kwake yeye usambazaji si starehe ya wazee wa kuhesabu namba.

Sasa wenye muhuri wa mpira. Wana hoja, na ni vibaya kuwacheka. Kamera ya sanduku iliyozoeleka enzi zile ilitoa picha 8 kwa roli moja ya filamu. Kijana alitoa fedha ya mfukoni akanunua roli, akaendesha baiskeli maili nyingi kwenye mvua, akabahatisha mwanga, akalipia tena kusafishiwa. Miaka 60 baadaye anaikuta picha yake kwenye kikombe cha chai kinachouzwa na mtu asiyemjua, jina lake halipo. Tena kuna mchezo mwingine: mtu ananunua negativu mnadani, anabandika jina lake katikati ya picha, anajifanya mwenyewe. Kwa sheria ya Uingereza kununua negativu hakukupi hakimiliki. Haki hiyo haihami mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa saini. Lakini nani anauliza saini?

Makumbusho na hifadhi nazo zina upande wao. Kuhifadhi kunakula pesa: ubaridi, maboksi yasiyo na asidi, mishahara ya wanaoorodhesha. Mkusanyiko wa Eric Treacy, askofu wa Wakefield aliyepiga picha za treni karibu maisha yake yote na kufariki mwaka 1978 akiwa stesheni ya Appleby, ulibahatika kupokewa na makumbusho ya taifa ya reli ya York. Anayedai kila kitu kama hicho kitolewe bure aseme pia bili ya umeme inapelekwa kwa nani.

Ila sheria yenyewe, nikisema ukweli, haikutungwa kwa ajili ya sanduku la viatu. Inailinda picha maisha yote ya mpigaji na miaka 70 baada ya kifo chake. H. C. Casserley, mmoja wa wapiga picha wakubwa wa treni, alianza miaka ya 1920 na akafariki 1991. Kwa hesabu hiyo, injini aliyoipiga mwaka 1930 haitakuwa huru mpaka 2062. Casserley anajulikana, na kazi zake zina soko, kwa hiyo walau kuna wa kuombwa. Fulani bin fulani wa Evercreech je? Tangu 2014 serikali ya Uingereza ina utaratibu wa leseni kwa kazi ambazo wenyewe hawapatikani: unatafuta kwa bidii, unaonyesha ulivyotafuta, unajaza fomu, unalipa, na leseni ikitoka haizidi miaka saba. Kwa mchapishaji wa vitabu huenda inafaa. Kwa mtu mwenye picha ya paundi moja anayetaka kumwonyesha shangazi yake stesheni aliyokuwa akipandia, ni kumkata kuku kwa shoka.

Kwa hiyo kwenye suala la kunakili mimi naegemea kwa wanaosambaza. Lakini nikiwasikiliza wenye picha wanapolalamika, fedha huwa inakuja mwishoni. Kwanza wanataja jina lililofutwa, halafu tarehe iliyokosewa, halafu stesheni iliyohamishiwa kaunti nyingine. Wanalilia nyuma ya picha. Na hapo nawaunga mkono kwa ukali kuliko pengine wanavyojitetea wenyewe, kwa sababu picha za treni bila maelezo hudanganya kuliko watu wanavyofikiri.

Chukua rangi. Injini za kampuni ya reli ya Midland zilikuwa nyekundu iliyokolea, kama divai. Bamba za kioo na filamu nyingi za mwanzo hazikuiona rangi nyekundu, ziliisoma kama giza, kwa hiyo kwenye picha injini ile inatoka nyeusi tii. Programu ya leo ya akili mnemba inayoipaka rangi haina habari hiyo. Inaona nyeusi, inaacha nyeusi, au inabuni kijani kwa kuwa imezoea kijani. Halafu kuna kichekesho cha viwandani: injini mpya ilipotakiwa kupigwa picha rasmi, mara nyingi ilipakwa kwanza kijivu kisichong'aa ili kila msumari uonekane, kisha ikapakwa rangi yake halisi ndipo ikaingia kazini. Kijivu hicho kipo kwenye maelfu ya picha safi kabisa, na hakuna abiria aliyewahi kukipanda. Asiyeambiwa ataapa kwamba Waingereza walipenda treni za rangi ya saruji.

Au chukua vita. Mwaka 1940, kwa hofu ya Wajerumani kuvamia, vibao vya majina ya stesheni viliondolewa au kufutwa. Kupiga picha za reli nako kulibanwa, na filamu zikawa adimu. Picha ya wakati ule ikikosa maandishi ya nyuma haina hata ubao wa kukusaidia. Stesheni ni matofali na nguzo tu, na kila anayeisambaza anaipa jina la kwao.

Watetezi wa usambazaji hujibu kwamba watu wengi hujua mengi: ukikosea, atatokea wa kukusahihisha. Ni kweli nusu. Nimeona mtu akitambua stesheni kwa umbo la mabati ya paa, nikamvulia kofia. Lakini sahihisho huwa linabaki pale chini lilipoandikwa, na picha inaendelea na safari zake na uongo wake begani. Ile ya kwangu iliyokatwa umati sasa ni ya miaka ya 1950 kwa watu wengi kuliko watakaowahi kuishika karatasi yake.

Hata hivyo kuna jambo moja linalonivuta tena upande wa kusambaza, na kwangu ndilo zito kupita yote. Wapenzi hawa walipenda injini. Walisimama pembeni kidogo mbele yake, jua mgongoni, wakangoja watu watoke kwenye fremu. Mtia makaa, mama wa kufagia, karani wa tiketi, hao walikuwa usumbufu. Mwaka 1966, mwaka uleule wa picha yangu, Asquith Xavier, gadi wa treni aliyetoka Dominica huko Karibiani, alinyimwa kazi stesheni ya Euston, London, kwa sababu ya rangi yake. Mambo yakafika bungeni, shirika la reli likaondoa ubaguzi huo pale Julai, na Agosti akaanza kazi chini ya vitisho vilivyomfanya ahitaji ulinzi wa polisi. Treni za Euston za mwaka ule zimepigwa picha mpaka basi. Watu kama Xavier utawatafuta kwa tochi.

Lakini wamo. Wamo pembeni, nyuma ya bomba la maji, kivuli dirishani, mkono wenye bendera. Mpiga picha hakuandika majina yao kwa kuwa hakuwaona. Mjukuu wao anaweza kuwaona, ila picha imfikie, tena imfikie nzima. Anayeikata ili injini ipendeze anamtoa babu wa mtu. Hapo ndipo ukarimu unapokuwa na maana kuliko muhuri: nyuma ya picha inaweza kuandikwa na wengi, miaka 60 baadaye, na mtu asiyejua hata injini ina magurudumu mangapi.

Ningewaomba wenye kusambaza jambo moja dogo, wala halihitaji wakili. Skani pande zote mbili. Muhuri, penseli, hata bei ya muuzaji, viende pamoja na picha. Usikate, na ukitia rangi sema umetia. Jina ukilikuta lipeleke, ukilikosa andika kwamba hukulikuta. Na wenye makabati ya negativu nao waache kubandika nembo katikati ya jukwaa, mahali hasa pale ambapo sura za watu zipo.

Mwenye muhuri wangu nimemtafuta. Anwani iliyo nyuma imeshakuwa nyumba ya watu wengine, na barua yangu haikujibiwa. Onyo lake bado linasomeka vizuri, kwa hiyo picha yenyewe sijaitoa. Nilichofanya ni kuiweka hadharani nyuma yake peke yake: penseli, tarehe, lile jina, na swali kama kuna anayemfahamu.

Mtu wa kwanza kunijibu ameuliza, mbele kuna nini?