Shakwe wa Rotterdam na bundi wa Muheza

Asubuhi moja ya Novemba 2022, nikitoka zamu ya usiku hapa Rotterdam, nilimkuta shakwe kando ya njia ya baiskeli iliyo pembeni ya mto Rotte. Alikuwa akizunguka kama pia, shingo imepinda, bawa moja linaburuta kwenye majani yenye umande, na kila alipojaribu kusimama aliangukia ubavu uleule. Nimekulia Muheza, Tanzania, katika nyumba yenye kuku, na mtu aliyekulia kwenye kuku akiona shingo iliyopinda namna ile hana haja ya kuuliza, maana neno linalomjia ni moja tu, mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaomaliza kuku. Nikaegesha baiskeli, nikamkamata kwa mikono mitupu, vidole kwenye mashina ya mabawa, kama mama alivyonifundisha kumshika jogoo.

Mama mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa akitembeza mbwa alipiga ukelele ambao sijausahau. Aliniamuru nimweke chini, nirudi nyuma, na nisijiguse usoni, kisha yeye mwenyewe akasimama mbali, akafupisha kamba ya mbwa wake na kupiga simu namba 144, ambayo katika nchi hii ni namba ya dharura ya wanyama. Kabla ya saa moja kwisha lilifika gari dogo la wagonjwa la wanyama, wakashuka wazee wawili wastaafu wanaofanya kazi ile kwa kujitolea. Walivaa maovaroli meupe, barakoa, miwani na glavu, wakamfunika shakwe kwa taulo na kumtia kwenye sanduku kwa utulivu wa watu wanaopakia mayai. Mimi nilipewa dawa ya kuoshea mikono, nikaagizwa nisiingie kwenye banda lolote la kuku siku hizo, na nikipata homa nimpigie daktari wangu nimweleze kwamba nimeshika ndege mgonjwa. Nilipouliza kama atapona, mmoja alitikisa kichwa. Kwa dalili zile, alisema, daktari wa mifugo atamdunga sindano ya kumpumzisha.

Jioni nilimpigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba nilimsimulia, naye akanyamaza kidogo kabla ya kuuliza, "Gari la wagonjwa la ndege? Na wewe ulilipa shilingi ngapi?" Nilipomwambia sikulipa hata senti, alicheka hadi akakohoa. "Basi mwanangu, ndege wa huko wana bima kutushinda sisi."

Utani huo tunaupenda sana sisi tulio ughaibuni. Kila anayefika Ulaya hupata kisa chake cha mbwa anayetibiwa meno au paka mwenye chakula cha figo, akakirusha nyumbani, watu wakacheka, na mwisho wa yote hutokea mtu akauliza ni wajawazito wangapi wa kwetu hupelekwa hospitali kwa bodaboda. Swali hilo ni la haki na mimi mwenyewe nimeliuliza zaidi ya mara moja. Hata hivyo, kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyoona kwamba utani wenyewe unatupotosha, kwa sababu unatufanya tudhani kuwa wenzetu wana huruma nyingi mno kwa ndege, ilhali kilichomleta yule mzee na ovaroli lake jeupe, kwa sehemu kubwa, ni hofu.

Mwaka 2003 nchi hii ilipigwa na mafua ya ndege ya aina ya H7N7. Kuku na ndege wengine wa kufugwa wapatao milioni 30 waliuawa ili kuuzima ugonjwa, watu 89 wakathibitika kuambukizwa, wengi wao wakiugua macho tu, na daktari mmoja wa mifugo aliyekuwa ameingia kwenye shamba lenye ugonjwa akafariki. Nchi ndogo iliyojaa mabanda ya kuku haiwezi kulisahau jambo kama hilo. Ilipofika miaka hii ya karibuni, virusi vya H5N1 vikiwa vimeenea kwa ndege wa mwituni, na katika kiangazi cha 2022 maelfu ya ndege wa majini waitwao buabua wakifa kwenye maeneo yao ya kutagia kisiwani Texel, kila mwenye mbwa na kila mtoto wa shule alikwishajua kwamba ndege anayezunguka kama pia haguswi kwa mikono mitupu. Mimi mwenye digrii sikujua.

Huruma nayo ipo, nisiwavunjie heshima. Sheria yao ya wanyama inamtaka kila mtu, si mfugaji peke yake, ampe mnyama anayehitaji msaada matunzo yanayostahili, na vituo vya kuwatunzia ndege wa mwituni huendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea na michango ya wananchi. Lakini ina mipaka yake. Kunguru tunaowaita wa Zanzibar, wale walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka, kisha wakatapakaa pwani nzima, walifika pia hapa Uholanzi katika miaka ya 1990, wakiwa wamedandia meli hadi Hoek van Holland, mwendo wa treni usiotimiza saa moja kutoka ninapokaa. Walijenga viota, wakazaliana, lakini hawakuzidi dazeni chache. Wakuu waliamua wauawe kwa sababu ni wageni waharibifu, na wakauawa, ingawa watetezi wa wanyama walilipeleka shauri hilo mahakamani. Nakiri kwamba siku niliyosoma habari hiyo nilicheka kicheko cha uchungu, nikiwa na kibali changu cha ukaazi mfukoni.

Sasa niseme ya nyumbani. Desemba iliyofuata nilikwenda likizo, na siku ya tatu watoto wa jirani walikuja mbio kusema kuna bundi amekaa chini ya mchungwa mchana kweupe. Nilimkuta ameegemea shina, macho nusu wazi, manyoya yamevimba kana kwamba anasikia baridi katika jua lile la Muheza, na pembeni ya mdomo kulikuwa na tone la damu lililokauka. Watu walisimama mbali, ila si kwa kuogopa virusi. Bundi kwetu ni ndege wa uchuro, na mzee mmoja alishaokota fimbo. Nilichojua mimi ni kwamba jirani wawili walikuwa wametega sumu ya panya wiki ile, kwamba panya aliyekula sumu huweza kutembea kilevi kabla ya kufa, na kwamba bundi humla panya wa aina hiyo kwa urahisi kuliko mzima. Kuna sumu za panya zinazozuia damu kuganda, na hizo humuua hata anayemla panya. Bila kupimwa sikuweza kuapa kwamba ndicho kilichompata, lakini nisingeshangaa.

Nikaamua kufanya kama yule mama wa Rotterdam. Nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji, akanipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alinipa namba ya afisa mifugo, ambaye kwa upole kabisa alieleza kwamba yeye ni wa ng'ombe, mbuzi na kuku, na kwamba bundi ni wa maliasili. Niliyempata upande wa maliasili, katika ofisi ambayo sitaitaja, alikuwa kikaoni. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ni tembo?" Nilipojibu kwamba ni bundi, simu ilikatika, na kwa kuwa mtandao wa kijijini naujua, nampa faida ya shaka. Bundi alikufa usiku wa pili. Nilimfukia mwenyewe, shimo la kufika gotini, mikono nikiwa nimeivika mifuko ya plastiki, huku yule mzee akiniangalia kama mtu aliyerogwa huko alikotoka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tunachokikosa ni njia. Hatukosi watu, maana kila aliyepokea simu yangu alikuwa na cheo na mshahara wa kazi inayokaribiana na jambo lile, na wala hatukosi simu za tarakimu tatu: tuna 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 116 ya mtoto, 199 ya afya. Ndege mgonjwa aliangukia katikati ya madawati mawili, kwa kuwa dawati la mifugo halimhesabu kuwa mfugo na dawati la wanyamapori linasubiri tembo.

Na kwetu, nathubutu kusema, ndege mgonjwa ana habari nzito kuliko wa Rotterdam. Kuku wa kienyeji hawafungiwi bandani. Hunywa kwenye dimbwi lilelile wanaloshukia njiwa pori na bata maji, na njiwa wana ugonjwa wao ulio ndugu wa mdondo, unaowapinda shingo vilevile. Januari 2017, nchini Uganda, buabua wanaokuja kutoka kaskazini walikufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe kwenye Ziwa Viktoria, si mbali na Entebbe, kwa mafua ya ndege ya aina ya H5N8, na habari ikafika kwa wataalamu kwa sababu kuna watu waliona mizoga na wakasema. Katika mikoa ya kati ya Tanzania, ndege ya serikali inapowamwagia dawa ndege waitwao kweleakwelea (Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili hivyo), sumu inayotumika ni ya kuua, na bado wapo wanaookota kwelea waliolegea wakawakaanga, kwa kuwa kwelea ni kitoweo kitamu. Wakulima wana haki ya kulia, kwani kwelea mmoja hula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku na huja kwa mamilioni. Lakini ndege aliyelegea baada ya kunyunyiziwa si kitoweo. Huko Kenya tai wala mizoga wamekufa makundi kwa makundi baada ya mfugaji mwenye hasira kutia dawa ya wadudu kwenye mzoga wa ng'ombe aliyeuawa na simba. Ukikuta tai kadhaa wamelala kando ya mzoga mmoja, na pengine fisi au mbwa naye kalala hapo, usisogee na usimguse yeyote. Waondoe watoto na mifugo, kisha mtafute askari wa wanyamapori hata kama itakubidi uende mwenyewe hadi kituoni.

Kwa ndege mmoja mmoja, niliyojifunza huku hayahitaji gari wala bajeti. Kwanza mtazame kwa mbali, maana si kila ndege aliye chini ni mgonjwa. Kinda mwenye manyoya mafupi ya mkia anayerukaruka chini ya mti mara nyingi anajifunza tu kuruka, na wazazi wake wako tawini wakisubiri uondoke. Hapa Uholanzi kila Mei watu wema huwaiba makinda wazima wakidhani wanawaokoa. Ndege aliyejigonga kwenye kioo cha dirisha hupoteza fahamu, na huyo akiwekwa kwenye boksi lenye giza na matundu, mahali pasipo kelele, mara nyingi saa moja au mbili humtosha. Usimmiminie maji mdomoni, kwa sababu tundu la pumzi la ndege liko nyuma kidogo tu ya ulimi na utamzamisha kwa wema wako. Maziwa pia usimpe. Anayezunguka, anayetikisa kichwa, mwenye macho yenye ukungu, au walio wagonjwa wawili watatu mahali pamoja, hao usiwashike kabisa. Fungia kuku, fungia mbwa, piga picha, andika mahali na saa, halafu toa taarifa. Ikiwa umekwisha kumshika kama nilivyomshika shakwe wangu, nawa kwa sabuni kabla hujashika kitu kingine. Aliyekufa halishwi mbwa, haliwi, wala hatupwi mtoni.

Jambo moja huwasumbua wasomaji wa Tanzania, nalo ni sheria. Wanyamapori ni mali ya umma, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Kwa hiyo boksi lako la huruma likikaa wiki mbili chumbani, maelezo yatakuwa magumu. Toa taarifa siku hiyohiyo, na mtendaji aandike. Hata asipotokea mtu, kuna karatasi.

Sidai tuanzishe gari la wagonjwa la ndege Muheza wakati barabara ya kwenda zahanati yetu bado hupitika kiangazi tu. Ninachodai ni kidogo na hakina gharama kubwa: afisa mifugo wa kata apewe rasmi jukumu la kupokea taarifa ya ndege yeyote mgonjwa, wa kufugwa au wa mwituni, na yeye ndiye ampigie mwenzake wa maliasili. Mwananchi asiachiwe kazi ya kujua mpaka wa madawati. Tayari pikipiki anayo, na wafugaji wanamjua kwa jina.

Mwezi uliopita mama alinipigia yeye, jambo lisilo la kawaida kwa mtu anayehesabu vocha. Njiwa pori alikuwa ameanguka uani, shingo imepinda. Alikuwa amemfunika kwa tenga bila kumgusa, akaweka jiwe juu, akawafungia kuku jikoni, akampigia afisa mifugo na kumwambia maneno ambayo nadhani aliyafanyia mazoezi: "Mwanangu aliyeko Uholanzi amesema hili ni la kwako." Kijana yule alifika kesho yake asubuhi kwa pikipiki. Njiwa alikuwa ameshakufa, wakamfukia pamoja, na kabla ya kuondoka akafungua boksi lake la barafu, akawapa kuku wote 14 wa mama chanjo ya mdondo, tone la jichoni mmoja baada ya mwingine, mama akiwashika kwa mashina ya mabawa.