Ujenzi wa kijani: Bagamoyo ina la kutufundisha?

Wanafunzi wa usanifu majengo, wageni wa nje na watu wenye viwanja vyao Dar es Salaam huja Bagamoyo kutafuta namna ya kujenga bila kuiumiza ardhi. Wengi hupelekwa Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, kisha hurudi zao.

Wanaozitetea safari hizi wana hoja. Nyumba za mawe za hapa zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, vitu vya jirani. Kuta nene hulichelewesha joto la mchana. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana mita tatu. Mti ndio uliochora ramani. Tazama pia ukuta wa zamani uliozibwa kwa saruji. Kiraka kimebaki kigumu, ila jiwe lililo nyuma yake limekuwa unga ukiligusa kwa kidole, maana unyevu na chumvi vimekosa njia ya kutokea. Chokaa huviachia vipite. Somo hilo hulipati darasani, na kwa hilo peke yake nauli si hasara.

Lakini tusidanganyane kuhusu vifaa. Kuchoma chokaa kulikula magogo mengi. Matumbawe ni makazi ya samaki, na mikoko ya delta ya Ruvu inailinda pwani. Kuikata bila kibali ni kosa. Hoteli inayojiita ya kijani kwa sababu ya boriti na makuti inapaswa kwanza kueleza boriti hizo zimetoka wapi. Saruji nayo si ya kutetewa hivihivi, maana inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Kinachonisikitisha zaidi ni nyumba wanayoipita bila kuitazama: ya miti na udongo, paa la makuti, baraza mbele. Hiyo ndiyo iliyoigharimu ardhi kidogo kuliko zote. Mwenyewe anataka tofali na bati, na ana haki. Makuti huchoka baada ya miaka michache, moto ukishika hauzimiki kirahisi, na kila masika ukuta unadai kukandikwa upya. Kumsifia udongo bila kumuuliza nani hukandika, na kwa fedha gani, ni kumkosea heshima.

Kwa hiyo ningeipunguza ziara ya magofu, muda uliobaki nikae na fundi wa chokaa, alipwe kama mwalimu mwingine yeyote. Anayetaka kujenga sasa ana matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa bila kuchomwa kuni. Na aliyekwisha kuezeka bati hana haja ya kurudi kwenye makuti. Anahitaji dari, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari upite, na paa lililotokeza vya kutosha kuzikinga kuta na jua la saa tisa.