Kanuni ya Mezani Haistahili Hukumu Kabla ya Swali

Kila anayeongoza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi na dadu huamua kama afanyalo litafaulu, uwe Dungeons & Dragons au mwingine wa aina hiyo, hufika mahali akaona kitabu hakimtoshi. Huongeza kanuni hapa, hufuta nyingine pale, kisha huwageukia wenzake na kuwauliza wanaionaje kazi yake. Makala haya yanahusu namna ya kumjibu. Naamini kwamba mrejesho mwingi unaotolewa juu ya kanuni za mezani, yaani zile ambazo kundi hujitungia juu ya zilizochapishwa, huwa dhaifu kwa sababu msemaji huanza kuipima kanuni kabla hajajua ilitungwa kutibu nini. Swali la kwanza linapaswa kuwa hili: ni jambo gani lilitokea mezani kwenu hata mkaihitaji?

Wapo wanaojibu kwa kusema tu kwamba kitabu hakisemi hivyo, kana kwamba kujitungia kanuni ni ukaidi. Historia ya mchezo wenyewe haiwaungi mkono. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa toleo la kwanza la Dungeons & Dragons, lilikuwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku, vyenye mapengo mengi ambayo mwongoza mchezo alitakiwa kuyaziba mwenyewe, na maneno ya kufungia kijitabu cha tatu yanamhimiza msomaji aamue anavyotaka jambo liwe, kisha alifanye liwe hivyo. Hata dadu ya pande 20, ambayo leo ndiyo alama ya mchezo huu duniani, iliingia katika mapigano kama njia mbadala, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba msomaji angetumia kanuni za vita za Chainmail zilizotoka mwaka 1971. Njia mbadala ikawa ndiyo njia kuu. Sisi tuliokua tukicheza karata Nairobi hatukuhitaji kufundishwa jambo hili, maana katika mchezo wa Kadi kila kundi hukubaliana kwanza ni karata zipi zinaadhibu na ni zipi haziruhusiwi kumalizia, na hakuna anayeona kwamba makubaliano hayo yanauharibu mchezo.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa dawa ya kuponya. Katika kanuni za mwaka 2014, kunywa chupa moja kulimgharimu mhusika tendo lake kuu la zamu, na chupa ya kawaida ilimrudishia kwa wastani alama saba za uhai, zile ambazo zikiisha mhusika huanguka. Mchezaji alisubiri zamu yake kwa muda mrefu, ikafika, akanywa, ikaisha. Hakupiga, hakuroga, wala hakusema lolote la maana. Makundi mengi sana yaliamua kwamba kunywa kuwe tendo dogo la ziada, na vitabu vya mwaka 2024 vikaandika hivyohivyo. Kanuni hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu kila aliyeitetea aliweza kueleza tatizo lake kwa sentensi moja, na aliyeisikia alilitambua mara moja kutoka mezani kwake.

Sasa tuangalie kanuni ambayo hupata mrejesho mbaya kila inapotajwa, na nadhani inastahili mrejesho ulio bora zaidi hata kama mwishowe itakataliwa. Mchezaji akirusha dadu ya pande 20 kushambulia na ikaangukia moja, mhusika wake hapotezi shabaha tu, bali hupatwa na ajali: upanga unamponyoka, anateleza, au anamjeruhi rafiki yake. Mwongoza mchezo anayeileta kanuni hii kwa kawaida anataka mambo mawili, kicheko na wasiwasi, na yote mawili ni mahitaji halali. Tatizo liko katika hesabu. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza hushambulia mara moja katika zamu, hivyo uwezekano wa kupatwa na ajali katika zamu hiyo ni asilimia 5. Afikapo ngazi ya tano hushambulia mara mbili, na uwezekano unakaribia asilimia 10. Ngazi ya 11 humpa mashambulizi matatu na uwezekano wa asilimia 14 hivi, na ngazi ya 20, anapokuwa bingwa asiye na mfano, humpa mashambulizi manne na uwezekano unaokaribia asilimia 19. Bingwa huyo akipigana kwa zamu zake nne tu, kuna uwezekano wa asilimia 56 kwamba silaha itamponyoka au atamkata mwenzake angalau mara moja. Kadiri anavyokuwa hodari, ndivyo anavyozidi kuonekana mzembe. Wakati huohuo mchawi aliyesimama nyuma yake anaweza kuchagua uganga ambao humlazimisha adui kurusha dadu ya kujiokoa, hivyo yeye mwenyewe harushi chochote na hapatwi na ajali yoyote.

Mrejesho wa kawaida juu ya kanuni hii huishia katika neno “mbaya”. Mrejesho ninaouita wa haki hutaja takwimu hizo, hueleza mzigo unamwangukia nani, kisha humrudia mwenye kanuni na kile alichokitaka. Kama alitaka kicheko, je, mchezaji mwenyewe hawezi kuisimulia ajali yake bila kupoteza chochote? Kama alitaka wasiwasi, je, ajali haiwezi kuhesabiwa kwa shambulio la kwanza la zamu pekee, ili bingwa na mwanagenzi wabebe hatari iliyo sawa? Anayeulizwa hivyo huanza kufikiri pamoja na muulizaji. Anayeambiwa kwamba kanuni yake ni mbaya huanza kujitetea, na mazungumzo huishia hapo.

Hesabu inahitajika pia pale ambapo kanuni inapendwa na wote, na pengine hapo ndipo inapohitajika zaidi. Kitabu kinasema kwamba dadu ya pande 20 ya shambulio ikiangukia 20, dadu za madhara hurushwa mara mbili. Kwa kuwa mara nyingine dadu hizo mbili huangukia moja na moja na kumvunja mtu moyo, makundi mengi hubadilisha: seti moja ya dadu huhesabiwa kwa thamani yake ya juu kabisa, na nyingine hurushwa. Wachezaji hushangilia, na ninaelewa kwa nini. Lakini maadui nao hurusha dadu, tena katika kampeni nzima, yaani hadithi inayoendelea kwa vipindi vingi, hurusha nyingi kuliko mhusika yeyote mmoja. Mchukueni mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye alama nane za uhai, na goblini (zimwi dogo) ambaye upanga wake huleta madhara ya dadu moja ya pande sita na kuongeza mbili. Kwa kanuni ya kitabu, pigo la 20 kutoka kwa goblini huyo humwangusha mchawi kwa uwezekano wa asilimia 72 hivi. Kwa kanuni ya mezani madhara ya chini kabisa ni tisa, kwa hiyo mchawi huanguka kila mara. Huenda kundi likayasikia haya na kusema kwamba ndivyo linavyotaka, na hiyo ni haki yake. Wajibu wa mtoa mrejesho ni kuhakikisha kwamba wamejua kabla ya kuchagua.

Hata hivyo hesabu ina mwisho wake. Kuna kanuni ya tatu ambayo kwenye karatasi inaonekana timamu kabisa: mhusika anayeangushwa hadi alama sifuri za uhai na kisha kuinuliwa hupata ngazi moja ya uchovu, hali inayomdhoofisha, na ngazi ya sita ya uchovu ni kifo. Tatizo lililoizaa ni la kweli, kwa kuwa katika mchezo wa leo uganga mdogo wa kuponya humwinua aliyeanguka papo hapo, na wachezaji hujifunza kumwacha mwenzao aanguke kwanza ndipo wamtibu. Anayeisoma kanuni hii ataipitisha. Anayeicheza huona jambo jingine: anayeanguka mara nyingi ni yule anayesimama mbele kuwakinga wengine, hivyo adhabu humfuata mlinzi na kumwacha salama aliyejificha. Tena, kwa kuwa uchovu hupungua ngazi moja tu kwa usiku mmoja wa mapumziko, kundi huanza kutaka kulala baada ya kila pambano, na safari iliyokusudiwa kuwa ya kutisha hugeuka kuwa mfululizo wa kambi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana naomba kila anayetoa mrejesho aseme wazi kama anazungumza kutokana na kucheza au kutokana na kusoma. Msomaji huona mianya ya maandishi na mchezaji huona tabia za watu, na kila mmoja ana lake la kuchangia, lakini mwenye kanuni anapaswa kujua anayemsikiliza ni yupi.

Kwa mchezaji aliyekaa mezani ningependa aeleze kilichompata kabla ya kupendekeza dawa. Akisema kwamba katika pambano la mwisho alikaa muda mrefu bila la kufanya, au kwamba aliacha kumkimbilia mwenzake kwa kuogopa adhabu, amempa mwongoza mchezo jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kumpa. Akianza na kanuni mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, mjadala utahamia kwenye kanuni yake, na kilichompata kitasahaulika.

Kwa mwongoza mchezo nina ombi kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye mwenye nguvu. Mara nyingi meza ni yake, na nyumba ni yake. Katika makundi yetu mengi yeye pia ndiye mkubwa kwa umri, na kijana aliyelelewa vizuri hatamwambia kaka au dada aliyemkaribisha kwamba kanuni yake inachosha. Swali la “mmeipenda?” linaloulizwa mbele ya wote litapata jibu la heshima na si zaidi. Ni afadhali kumuuliza kila mmoja peke yake, baada ya mchezo kwisha, swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa adabu tupu: ni wakati gani kanuni hii ilikufanya ubadili ulichokusudia kufanya? Na ni afadhali tangu mwanzo kanuni itangazwe kuwa ya majaribio kwa vipindi kadhaa, ili kuiondoa kusionekane kuwa ni kumshinda mtu.

Ushauri wa kuhamia mchezo mwingine huchukiza ukitolewa kwa haraka, ingawa mara nyingine ndio ulio sahihi. Mtu aliyeandika kurasa nyingi za kanuni za hofu na kichaa ili kuigeuza Dungeons & Dragons kuwa mchezo wa kutisha anastahili kuambiwa kwamba Call of Cthulhu ulitoka mwaka 1981 ukiwa na kipimo cha utimamu wa akili ndani ya kanuni zake za msingi. Lakini aambiwe baada ya kuulizwa, kwa sababu huenda kundi lake linataka joka na upanga pamoja na hofu hiyo.

Jambo moja husahaulika hata katika mrejesho ulio makini. Kanuni ikishatumika kwa muda, kuna mtu ameshajenga mhusika wake juu yake. Chukueni kanuni ya hiari ya kumzingira adui, ambapo wahusika wawili wakimweka katikati, kila mmoja hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, hata anayehitaji kupata 11 au zaidi ili apige anapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Inapoletwa, yule shujaa wa hasira ambaye uwezo wake maalumu ni kupata dadu hizohizo mbili kwa kujianika mbele ya maadui huona uwezo wake umekosa maana. Inapoondolewa, aliyechagua silaha na mbinu zake kwa kuitegemea hubaki na mhusika asiyemtaka. Anayependekeza kanuni iletwe au iondolewe na awataje watu hao kwa majina, na kundi liwaruhusu kuchagua upya uwezo wa wahusika wao kabla ya kipindi kinachofuata.