Kuhesabu nukta za ajali hakutoshi

Makala moja kuhusu usalama barabarani inasema makutano yenye nukta nyingi za ajali kwenye ramani ndiyo hatari zaidi. Tusikimbilie hapo. Panapopita magari mengi, ajali zitakuwa nyingi hata kama pamejengwa vizuri. Gawanyeni ajali kwa idadi ya magari yanayopita, ndipo njia panda ndogo iliyosahaulika inaweza kupanda juu ya orodha. Umbo nalo lina uzito: makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambapo mikondo ya magari hukatana, kuungana au kuachana, lakini makutano ya mzunguko (kipilefti) yenye leni moja yana 8 tu. Na mtembea kwa miguu aliyegongwa hatua chache kabla ya makutano, akiandikwa "karibu na njia panda" bila majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kamili kwenye ramani), nukta yake itawekwa wapi? Hilo linaniuma.