Kibanda Umiza, Joka la Wajapani na Jambazi Asiyekuwepo

Jumamosi iliyopita nilitoka kibanda umiza hapa Mwanga, Kigoma, nimefura kama mtu aliyeibiwa. Kiingilio kilikuwa mia tano, na mia tano si hela ya kumnunia mtu wiki nzima. Nilichoibiwa ni kitu kingine, tena mwizi mwenyewe hakuwepo. Yuko Japani, na aliiba tangu 2006.

Mwenye kibanda tunamwita Kamanda. Nje alikuwa ameandika kwa chaki: LEO KATUNI YA JOKA, IMETAFSIRIWA. Nikachungulia ndani, nikaona mvulana na joka wametazamana uso kwa uso, moyo ukapiga paa. Lile joka nalijua. Ni Tales from Earthsea ya studio ya Ghibli ya Japani, iliyotokana na vitabu vya mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin, kuhusu nchi ya visiwa iitwayo Earthsea, na hivyo vitabu asinifundishe mtu. Mama yangu alikuwa anafua mashuka gesti moja hapa mjini. Wageni wanaokwenda Gombe kuona sokwe huwa wanaacha vitabu kama wanavyoacha vipande vya sabuni. Kimoja kilikuwa kinene, hadithi tatu ndani ya jalada moja. Kilishalowa maji ya ziwa, kikakauka, kikaumuka kama andazi. Nilikuwa kidato cha pili, Kiingereza changu cha kuungaunga, kikanimalizia likizo yote ya Desemba na kamusi ya kuazima.

Basi nikaingia, nikabanana kwenye benchi la mbele na watoto.

Muvi inaanza na meli kwenye dhoruba na majoka mawili yanatafunana angani. Hapo sina neno. Halafu tunahamia ikulu, mfalme anapita kwenye ukumbi wenye giza, na mwanawe Arren anamtokea gizani na kisu. Mtafsiri akapaza sauti: "Mtoto amemchoma baba yake! Laana hiyo, watazamaji!" Kibanda kizima kimya, unasikia jenereta tu. Mzee mmoja, mvuvi wa Kibirizi, aliyekuja kumsindikiza mjukuu, akanyanyuka, akachukua koti lake, akatoka. Mjukuu akabaki.

Kwenye kitabu hakuna kitu kama hicho. Baba ndiye anayemtuma Arren kisiwa cha Roke kupeleka habari kwamba uchawi unakauka nchini. Anamtuma kwa baraka zake. Kisu amekitia mwenye muvi, Goro Miyazaki, mtoto wa Hayao Miyazaki, gwiji wa Ghibli, na hiyo ndiyo ilikuwa muvi yake ya kwanza. Baba mtu alikuwa hataki kijana apewe kazi ile. Kijana akaichukua, na mara muvi inapoanza tu, mtoto anamchoma baba. Sina la kuongeza hapo, mambo ya ukoo wa watu. Na nikubali, japo inaniuma, kwamba ile dakika moja ina nguvu. Mzee wa Kibirizi hatoki bure.

Tulipomaliza tukaenda kwenye kahawa, na huko ndiko damu ilikochemka. Nikaanza kueleza kilichoharibiwa. Kuna dogo mmoja, wale wanaojua kila kitu kwa sababu simu ina bando, akanikata: "Kaka, mwandishi mwenyewe alisema ni muvi nzuri. Wewe nani?"

Mimi nani. Mimi ni mtu aliyesoma sentensi mpaka mwisho, dogo.

Agosti 2006 Le Guin alioneshwa ile muvi faragha, yeye na jamaa zake. Baadaye jioni, wakati anaaga aondoke, Goro akamuuliza kama ameipenda. Sasa jiweke wewe. Ni mgeni wako, katoka mbali, kazi yake ya kwanza, amesimama mbele yako anasubiri. Utamwambia nini? Bibi akajibu: ndiyo; si kitabu changu; ni filamu yako; ni filamu nzuri. Yale ni majibu ya mtu mzima mlangoni. Ni kama unapopewa ugali wenye mabonge ukasema umeshiba, ahsante. Goro akaenda kuyatangaza kwenye blogu yake. Ndipo Le Guin naye akaona, kama ni hivyo, acha nami niseme hadharani, akaandika maelezo marefu ya yaliyomkera. Likiwemo hili: alielewa kwamba Hayao ndiye atakayeisimamia kazi, kumbe Hayao hakushika hata penseli. Hayao mwenyewe aliwahi kuviomba vitabu hivyo, miaka ya themanini mwanzoni, Le Guin akamkatalia kwa sababu hakumjua. Alipokuja kumjua na kumkubali, muda ulishapita.

Ninyi mnabeba maneno matatu ya mwisho mnazunguka nayo mjini.

Lakini hata hilo si lililonitoa kibandani nikiwa nimenuna. Muvi kubadilisha kitabu si dhambi. Kitabu cha siku tano huwezi kukikamulia kwenye saa mbili pasipo kumwaga kitu. Unganisha visiwa, futa wahusika, mpeleke mtu mji wa Hort Town kabla ya wakati wake, sijali. Nilichokataa ni kimoja. Wametuletea jambazi.

Wote tuliokulia vibanda umiza tunajua sheria: kuna steringi na kuna jambazi. Steringi hafi. Jambazi anakufa mwisho, tena kwa uchungu, watu wanasimama kwenye mabenchi. Naipenda hiyo sheria, nimelelewa nayo tangu enzi za kanda na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Ila Le Guin alipoandika kitabu cha kwanza, kile cha 1968, aliichukua sheria hiyo akaigeuza ndani nje. Ged ni mtoto wa kuchunga mbuzi kisiwa cha Gont, ana kipaji, ana kiburi. Anakwenda kusoma uchawi Roke, anachokozwa na mwenzake, na ili aoneshe yeye ni nani anafungua asichopaswa kufungua. Kinatoka kitu cheusi, kivuli, kinamrarua uso. Mkuu wa wachawi anakufa kwa kuuziba ule upenyo. Kijana anabaki na kovu. Anakikimbia kile kivuli kisiwa hadi kisiwa. Mwisho anageuza mtumbwi, sasa yeye ndiye anakifukuza. Wanakwenda mashariki, yeye na rafiki yake, mpaka visiwa vinaisha, mpaka bahari yenyewe inakuwa kama mchanga chini ya miguu. Wanakutana. Hakuna upanga. Ged anaita jina la kivuli, na kivuli kinaita lake, na ni jina lilelile.

Ged.

Nilipofika hapo nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko, mama ananiita nikachote maji, sikusikia. Nilirudi ukurasa mzima nyuma kuangalia kama nimekosea Kiingereza. Sikukosea. Steringi na jambazi ni mtu mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, si kanisani, si darasani, si kibandani.

Sasa tazama muvi. Kovu lipo usoni kwa Ged, limechorwa vizuri tu, na hakuna anayetusimulia lilivyopatikana. Limekuwa kama chale za urembo. Kivuli nacho kipo, wamemvalisha Arren, mwanzo nikafurahi nikadhani tunafika. Hatukufika. Kila ubaya wa nchi ile umebebeshwa mtu mmoja, Cob, mchawi mweupe kama chaki anayeogopa kufa. Mtafsiri alimwita "bibi mchawi" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simlaumu, kwa Kijapani sauti yake ni ya mwanamke, Yuko Tanaka, na watu waligombana benchi zima kama ni mume au mke. Basi Cob anakatwa mkono, Cob anachomwa moto na joka, jua linachomoza, ng'ombe salama, dunia imepona. Watoto wakashangilia. Le Guin mwenyewe alilalamikia jambo hilohilo, kwamba uovu umewekwa ndani ya mtu mbaya ambaye ukimuua tu shida imekwisha.

Kwenye kitabu cha tatu Cob yupo, ndiyo. Lakini unakutana na nchi nzima iliyokubaliana naye kimyakimya. Mafundi wamesahau ufundi, waimbaji wamesahau nyimbo, kwa sababu kila mmoja alisikia sauti ikimwahidi kwamba hatakufa, akaifuata. Hata Arren aliifuata, ndani ya mtumbwi mmoja na Ged. Na kuufunga ule mlango wa mauti kunamgharimu Ged uchawi wake wote, hadi tone la mwisho. Anarudi nyumbani mtu wa kawaida. Muvi haikumtoza hata senti.

Kwa nini inaniuma hivi mtu mzima kwa katuni? Nitawaambia. Mnakumbuka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wapate kuzaliana? Mgebuka ukawa wa kusimuliwa. Pale pale kwenye kahawa, jioni hadi jioni, tulikuwa na kazi moja: kutafuta jambazi. Leo ni wa ng'ambo wanaokuja usiku. Kesho ni serikali. Keshokutwa ni matajiri wenye mataa makali. Nami nilikuwemo, nilikuwa na orodha yangu. Na nyuma ya mgongo wangu, kwenye ukuta wa ua wa mjomba, nyavu zimeanikwa, macho yake madogo hata kidole cha mtoto hakipiti. Nimezisuka mwenyewe baadhi, likizo ile ile ya Desemba, nikisoma kwa mkono mmoja.

Tuyaache.

Rangi nayo. Le Guin aliwaumba watu wa visiwa vile weusi na wekundu wa shaba, wazungu wakawa ni wavamizi wa pembeni. Televisheni ya Marekani ilipowaigiza 2004, Ged akageuka mzungu mweupe pee, Le Guin akawaka mtandaoni. Wajapani wamempaka Ged kahawia kidogo, kama chai yenye maziwa mengi. Tushukuru kwa maziwa kupungua.

Wimbo wa Therru, yule binti mwenye uso ulioungua, anapoimba peke yake kwenye nyasi, ni mzuri. Mtafsiri alinyamaza pale, na hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Na lile jambo la majina. Huko Earthsea kila mtu ana jina la mtaani na jina la kweli, na la kweli humpi mtu ila umemwaminia roho yako, kwa sababu anayelijua anaweza kukushika. Yule dogo wa bando akasema hayo ni mambo ya kizungu, hapa mwisho wa reli hatuna. Nikamuuliza: Kamanda anaitwa nani? Akatumbua macho. Watu wanane tumezunguka birika, hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Wiki mbili nyuma nilimtumia kiingilio kwa simu, nilikuwa nadaiwa, na kabla sijathibitisha jina likatokea kwenye kioo. Refu, la ubatizo, la padri kabisa. Nilibaki nalitazama. Tangu siku hiyo Kamanda akinifokea najisikia nina kitu mfukoni. Silitaji hapa na kwenye kahawa sikulitaja.

Basi mzee wa Kibirizi, kumbe hakwenda nyumbani, alikuwa kwenye kigoda cha mwisho na kikombe chake anasikiliza. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo wa kivuli, alipolijua jina lake, alikiua?"

"Hapana, mzee. Alikikumbatia."

"Kikaenda wapi?"

"Kikaingia ndani yake."

Akanywa kahawa, akatia kashata mdomoni, akatafuna taratibu. "Hiyo ningekaa mpaka mwisho," akasema.

Juzi Kamanda kanipigia. Amesikia maneno. Anasema kama najua sana, nije na kitabu changu Jumamosi, atazima sauti ya mtafsiri, atanipa maiki, nisimulie cha kwanza juu ya picha zile zile, kiingilio tugawane. Nimekubali. Nimemwomba kitu kimoja tu, kwenye kibao aandike: HAKUNA JAMBAZI.

Kasema akiandika hivyo hatakuja mtu.